Tela la Wafubwa

Saa kumi na moja alfajiri, foleni imelala hadi Amagoro.
Madereva wamejifunika blanketi mpaka kidevuni.
Nafungua dirisha langu la bati hapa Malaba,
nahohea muhuri pumzi mara mbili, wino uamke.

Wa kwanza ni wewe, Gathuru, na unga wa ngano wa Nakuru.
Unatandaza karatasi kama mcheza karata aliyeshiba ushindi:
kitabu cha gari, bima ya nyumbani,
pasi yenye picha ya enzi ulipokuwa na nywele.
"Kadi ya njano, dada. Mpaka Kigali. Upesi."

Naandika. Namba ya kichwa, chesisi, injini.
Natia alama Uganda, natia Rwanda.
Kongo? Unacheka: huko barabara hula akseli.
Halafu nauliza: na tela?

Unanitazama kana kwamba nimeuliza jina la kivuli chako.
"Tela ni mkia tu. Ukishamlipia ng'ombe, mkia nao hulipiwa?"

Hapa hulipiwa, Gathuru.
Mkia huu una namba yake, una kitabu chake,
na ukichomoka mteremkoni ukaangukia duka la mtu,
hakuna atakayeuliza ng'ombe alikuwa mpole kiasi gani.

Unakwenda. Unarudi na bahasha inayonuka dizeli.
Nasoma: mwenye mali, Wafubwa Khisa, Kimilili.
Mwite aweke saini.

Tingo wako anainamisha macho kwenye ndara zake.
"Wafubwa tulimzika Aprili," unasema.

Mlinunua mnadani Eldoret, kila mtu na akiba yake,
wewe kichwa, yeye tela,
mkaunganishwa na pini moja ya chuma, nene kama kiwiko cha mtoto.
Hakufa barabarani. Sukari ilimmalizia kitandani,
akiuliza kama matairi ya nyuma yamebadilishwa.

Pole. Naisema kwa moyo, kisha nahesabu kwa vidole:
Mei, Juni, Julai, Agosti.
Safari ngapi hizo?
Magurudumu ya marehemu yamezunguka kiangazi chote,
yamepita mizani, yamelipa ushuru,
yamelala Jinja, yameamka Mbarara.
Na mjane?

"Nabwile hajui kama bado linatembea."

Basi hivyo.

Nyuma yako mtu anapiga honi. Mwingine anamjibu.
Ningeweza kugonga muhuri, nikala mia tano yako iliyokunjwa ndani ya leseni,
nimeiona tangu ulipofika,
na chumba cha tela kwenye kadi kingejaa kwa mstari mmoja.
Nimewahi kukijaza. Sitakudanganya kwamba sijawahi.

Lakini leo kitabu kimefunguka kwenye jina,
na chini ya jina kuna saini ya mkono mzito,
herufi ya kwanza imerudiwa, kama mtu aliyetaka wino ushike.

Sogea kando, mpishe wa nyuma yako.
Mtandao hushika vizuri pale kwenye nguzo.

Nakuona kupitia bati: unabonyeza, unafuta, unabonyeza.
Unavua kofia, ingawa simu haina macho.
Ninapiga hesabu ya mtu mwingine, nakosea, naanza upya,
maana sikio langu liko Kimilili,
kwenye nyumba ambayo bado ni giza,
ambako mwanamke anapapasa chini ya mto
na kusema, kwa sauti ya usingizi, "Nani?"