Mia na Thelathini, au na Moja

Tulifika Fostoria kabla jua halijaamua,
watu wanne, viti vinne vya kukunja,
chupa ya chai ya tangawizi, maandazi
niliyoyakaanga saa nane usiku nikitoka zamu,
na redio ya Verlin inayokoroma kama mwenye pumu.
Novemba. Soya imeshavunwa, mashamba ya Ohio
yamenyolewa kipara hadi upeo wa macho,
na hapa njia tatu za reli hukatana
kama watani: hazipishani bila kutupiana neno.

Verlin alifunga breki miaka thelathini na mitatu.
Kidole chake cha shahada kilibaki Toledo
kati ya behewa na behewa;
akitaka kukuonyesha kitu, hukuonyesha kwa kidevu.
Odalys, muuguzi, huja na sindano za kufuma.
Husema anatufuata sisi, hakufuata vyuma,
ila yeye ndiye husikia wa kwanza:
"Nyamazeni," na sindano zinasimama hewani.
Kizito Rweyongeza anaandika. Hili daftari la kumi na moja.
Nambari ya injini, saa, mwelekeo, idadi.
Siku ya kwanza nilimuuliza, za nini zote hizi?
Akasema: na wewe ukiisikiliza mvua, huwa unaidai nini?

Saa mbili na dakika saba, kutoka magharibi,
taa tatu zikachomoza ukunguni.
Zilianza reli kunong'ona,
kisha kokoto,
kisha meno yetu.
Injini nne, masizi hadi kwenye kope.
Dereva akainua vidole viwili
na Verlin akamrudishia vinne alivyonavyo.

Mapipa marefu ya sharubati ya mahindi.
Mbao katika sanda ya plastiki.
Magari mapya yaliyofichwa kama wari.
Panga moja la mtambo wa upepo, limelalia mabehewa matatu,
likapita taratibu kama nyangumi anayepelekwa mahakamani.
Na ubavuni mwa behewa la nafaka, kwa rangi ya zambarau,
herufi zenye kimo cha mtu:
LUPE, NILIKOSEA.
Chini yake hapakuwa na jina.

"Mia na thelathini," akasema Verlin.
"Na moja," akasema Kizito.
Walibishana hadi chai ikapoa.
Odalys hakuinua macho kwenye sufi yake:
"Mmoja wenu amelihesabu lile la msamaha mara mbili."

Halafu, masaa matatu, hakuna.
Taa nyekundu, haina haya.
Baridi ilipandia nyayoni. Tulimaliza maandazi,
tukamaliza umbea wa kazini, na bei ya dawa,
na binti wa Verlin asiyepiga simu,
au ni Verlin asiyempigia;
kisa kiligeuka kila alipojimiminia kikombe.

Ngojangoja yaumiza matumbo, na yetu yaliuma kweli.
Tukavuka barabara wote wanne
hadi choo cha kituo cha mafuta,
na ndipo zilipopita mbili kwa mkupuo,
hii ikienda, ile ikija,
makopo ya soda yakitetemeka rafuni,
na Kizito kwenye foleni, kalamu juu, macho amefumba,
akihesabu kwa sikio.
Aliandika "sabini hivi". Sijapata kumwona akiandika "hivi".

Jioni, tukirudi, kizuizi kilituangukia mbele ya pua.
Nyuma yetu magari yakajipanga: honi, matusi,
mwanamke mmoja akiupiga usukani kwa viganja.
Sisi tulizima injini, tukashusha vioo vyote.
Verlin, kiti cha mbele, akaanza kuhesabu kwa sauti.
Alipofika arobaini akakatiza,
akatoa simu mfukoni,
akaishika tu, mwanga ukimpanda kidevuni.

Sisi watatu tuliendelea,
chini chini,
kila mtu kwa lugha ya kwao.