Kinga ya Koplo Semhando

Kaja na kiroba, Jumanne, sijafungua dirisha la pili,
Barabara ya Kumi na Tatu, Ngamiani.
"Fundi Mwanakheri, nishonee hapa."
Nikaitandaza mezani: fulana ya kuzuia risasi,
ganda tu. Nyama yake ya ndani imebaki kituoni.
"Bamba likishakula moja," akasema, "halivaliwi tena."

Tobo dogo. Nilichomeka kidole cha mwisho,
kikaishia kwenye kucha.
Kingo zimeungua kama karatasi ya sigara.
Nikageuza upande wa bitana: nzima.
Nikageuza tena. Nzima.

Miaka kumi namjua, miaka kumi analalama:
Tanga hii, Februari hii, nivae blanketi la chuma!
Tausi mkewe humfunga mikanda mwenyewe
kama amfungaye mtoto vifungo vya shule,
naye hununa mpaka barabarani.

Usiku ule, Pongwe, walikuwa wawili.
Mbelwa aliivua yake robo saa kabla,
akaitundika kwenye kiti cha gari ipigwe upepo.
Koplo hakusema zaidi.
Kwa Mbelwa mimi sikuitwa;
sanda haipimwi ubavuni.

Akafungua shati, akanionyesha kifua:
vilio la damu, pana kama kisahani cha chai,
zambarau pembeni, njano katikati.
"Nikicheka panauma."
Hakuwa anacheka.

Baba yangu alishona hirizi, ngozi nyekundu, sindano ya mkono.
Hakuna aliyewahi kumrudishia moja ina tobo
na mwenyewe anatembea.

Kinga na kinga, wasemavyo, ndipo moto uwakapo.
Siku ile nikaisoma kivingine:
kinga na kinga, ndipo mtu arudipo,
bamba na mkanda, mkanda na mke,
na ugomvi wa kila jioni mlangoni.

Nikauliza rangi ya kiraka. Yoyote, akasema.
Nikatia cheusi, kisha, bila kuambiwa,
nikabana nusu inchi kila ubavu,
maana chini ya kwapa palipwaya
na risasi haibishi hodi, hupita palipo wazi.

Elfu mbili. Niliikataa; akaiacha chini ya mkasi.

Magharibi simu ikalia. Tausi.
"Umeibana?"
"Nimeibana."
"Sana?"
"Atalalama."
Nikamsikia anavuta pumzi, ndefu,
halafu: "Na alalame."