Konzi ya Mchele

Mimi ndiye mshika mizani wa kanisa la Sialkhum,
kule juu Mizoramu, ambako mawingu hulala chini yetu
kama blanketi lililoanguka kitandani.
Kila Jumamosi akina mama huleta mchele wa konzi,
ule unaotengwa kabla chungu hakijainjikwa,
konzi moja asubuhi, konzi moja jioni,
nyumba iwe na watu kumi au mmoja.
Napima, naandika: jina, kilo, maoni.
Safu ya maoni kwa miaka kumi na mitatu
nimeijaza mara mbili tu: "una wadudu."

Biakthansangi ni mjane wa fundi bati.
Mfuko wake ameushona kwa shati la marehemu;
kimebaki kifungo kimoja, hufungia hicho.
Kilo moja na robo. Haipungui, haizidi.

Jirani yake ni Hrangkapa.
Mwaka wa nne huu hawajapeana hata salamu ya kukohoa.
Aliukata mfereji wa bati uliompelekea mjane mvua pipani,
akadai umevuka kiwanja chake kwa upana wa kiganja.
Baraza likapima kwa kamba, likampa haki.
Lakini huku, chemchemi zikikauka Machi,
kiganja cha bati ni ndoo mia.
Tangu hapo Sangi hupanda ngazi mia mbili na sita
na maji mgongoni,
na Hrangkapa huimba besi kwaya. Sauti nzuri, sitasema uongo.

Jumamosi ile moshi wa mashamba yaliyochomwa
ulituwasha macho sote.
Sangi aliingia, mfuko bapa begani.
"Mchele uko wapi?"
"Nimeuacha njiani."
"Njia ipi?"
"Mlangoni kwa Hrangkapa."

Kumbe bwana yule alianguka darini, mguu umevunjika,
mkewe yuko kwao anauguza mama,
na siku ya tatu hiyo jiko halijafuka.
"Nilikuwa napita nikitazama mbele, kama nilivyozoea.
Nikasikia kijiko kinakwangua sufuria tupu.
Sauti hiyo naijua."

Mzee Rozama akavua miwani.
"Mchele ule haukuwa wako tena, mama. Ulishamtolea Mungu."
"Basi Mungu ndiye aliyempa. Mimi nilibeba tu."
"Na Neno linataka uiache sadaka madhabahuni
uende kwanza ukapatane."
"Madhabahu ilikuwa mbali, mzee. Mlango ulikuwa karibu."

Wapo waliocheka, wapo waliokunja uso.
Mmoja aliuliza, kwa sauti ya chini,
kama sasa anampenda.
"Bado," akasema. "Nimeanza na mchele."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu, kila mtu ananingoja.
Kilo: sifuri.
Maoni: "Umefika."

Nasikia Hrangkapa hakusema asante.
Aligeukia ukuta.
Mfereji ungali umekatwa, na wiki hii
nguruwe wake amefukua haradali ya mjane, safu mbili nzima.

Jana mke wangu ana homa, nikapika mimi.
Nikatia mkono debeni, mara ya kwanza maishani,
mimi mpima konzi za watu.
Nilivyofumba ndivyo punje zilivyoniponyoka
zikirudi debeni, tik, tik, tik,
nikakumbuka konzi nyingine, ya mwalimu, utosini.
Nikafumbua. Mkono ulio wazi huitwa ukufi;
hubeba kichache, ila kinaonekana.

Maandiko yangu nimeyapigia mistari
kwa wino mwekundu na rula, hayana ukurasa mweupe.
Ng'ambo ya bonde yupo ndugu yangu, Thangbuanga,
taa yake naiona nikitoka nje usiku.
Namdai rupia elfu nne, mwaka wa tisa.
Nazo nimeziandika, kwa wino uleule, kwa rula ileile.
Safu ya maoni iko tupu.