Kitanda cha Sita

Mashine imeshushwa kwa ngazi, kifuani pa Zamoyoni
(jina lake hilo, sikulichagua mimi),
mwanafunzi wa mazoezi, wiki ya tatu.
Imebandikwa plasta, mwandiko wa muuguzi:
INALIA BURE.

Karakana yetu ni chumba cha chini, hospitali moja ya Temeke.
Joto la Februari. Feni inageuza shingo, haipoozi kitu.
Naweka mezani kisanduku cha kuigiza moyo,
kidogo kama redio ya mlinzi.
Moyo usio na mtu: hauli, haudaiwi kodi,
ukiuambia sitini unapiga sitini mpaka betri iishe.

Anachomeka nyaya akitaja:
nyekundu mkono wa kulia, njano wa kushoto,
kijani mguu wa kushoto, nyeusi wa kulia.
"Ni bendera, fundi, ila buluu imegeuka damu."
Miaka kumi na tisa sijaiona hivyo.

Volti?
"Msukumo."
Ampea?
"Kile kinachopita kweli."
Namkumbusha bomba la kwetu Mbagala:
usiku linakoroma, presha ipo, ndoo haijai.
Kutu iliyomo ndiyo ukinzani.
Na moyo, ukiupima juu ya ngozi, ni milivolti moja tu;
betri ya saa ya ukutani inaushinda mara elfu moja na mia tano.
Kwa hicho kidogo mtu anafika Kariakoo,
anabishania bei ya nazi,
anarudi na hasira zake.

Kiooni: kilima kidogo, P, vyumba vya juu vinaminya.
Mwiba, QRS, vya chini vinasukuma.
Kisha T, mgongo mpana, misuli inajipanga upya.

Naweka themanini, inasoma themanini.
Mia na ishirini, mia na ishirini.
Nabonyeza asistole. Mstari unalala.
Tunahesabu kimoyomoyo.
Sekunde ya sita king'ora kinapasua chumba,
mama lishe nje ya dirisha anaangusha mwiko.
Mkondo unaovuja: maikroampea nne. Kikomo ni kumi.
"Basi nzima," asema, kalamu tayari juu ya neno IMEFAULU.

Nzima. Sasa ilikuwa inalilia nini?

Tunaipandisha wodini, soketi ya kitanda cha sita,
na mstari unaota manyoya, mvumo wa hezi hamsini.
P imezama. Mashine inahesabu manyoya kama mapigo,
mia mbili na kumi, inalia,
na Sista Nuswe, akiendelea kuandika,
ananyoosha kidole, anaizima
kama mtu anayefukuza nzi.

Hapo ndipo nilipoogopa.
Kelele nimezizoea. Kile kidole, la.

Nafungua soketi. Nyaya mbili zipo.
Wa tatu, wa ardhi, umebaki kisiki,
shaba yake imekatwa kwa koleo, safi.
"Mashine haina neno," nasema, "ukuta ndio mgonjwa."

Zamoyoni ananigusa bega. Anatazama juu.
Chandarua kimefungwa msumarini
kwa waya wa kijani wenye mstari wa njano,
fundo zuri, la mtu aliyejali.
Chini yake Bi Mwanahawa amelala mdomo wazi,
mbu wanazunguka nje, hawampati.

Nanyoosha mkono, naurudisha.
Kisha nakaa sakafuni,
navua kamba ya kiatu changu cha kushoto.