Sanduku la Zumari

Zumari la mfuko aliloniachia baba,
Koplo Abuya wa bendi ya magereza,
lililala miaka yote ndani ya gunia la sukari
lililoning'inia jikoni juu ya moshi.
Moshi, alisema, huwafukuza dumuzi.

Mimi naishi Nyalenda. Sina moshi, nina panya,
na paa langu huanza kudondoka kabla ya mvua.

Mabomba yake matatu ni mpingo.
Mti uliokatwa huku huku kwetu, kusini mwa mpaka,
ukapanda meli, ukachongwa na watu wa baridi,
ukarudi umevishwa pete za pembe
na kuongea kwa pua
kama mtoto aliyesomea ng'ambo.

Jumamosi nikalifunga kwenye leso,
nikaenda mjini Kisumu kulitafutia nyumba.

Duka la kwanza lilikuwa na mifuko ya magitaa.
"Nailoni nzito, mama, maji hayapiti."
Nikaubonyeza. Kidole kikafika upande wa pili.
Nikafikiria bodaboda, shimo, mimi chali barabarani.
Nikauliza bei ya lile sanduku la plastiki lenye magurudumu.
Muuzaji akaitaja kwa sauti ya chini,
kama mtu anayeleta habari ya msiba.

Nikateremka kwa maseremala wa karibu na mochari.
Fundi Onditi hakuuliza nimebeba nini.
Alivuta futi, akapima urefu, akaanza kupima mabega.
"Mabega gani?"
Akacheka, akaomba radhi: mkono umezoea.
Akanionyesha mkangazi uliopigwa msasa ukang'aa,
bawaba za shaba, kitambaa cheupe chenye marinda.
Kazi safi. Sijaona kazi safi kama ile.
Lakini mwaka huu nimeshafunga kifuniko kimoja cha namna hiyo,
na nilichokifungia
hakijatoa sauti tena.

Kibuye, basi.
Masanduku ya bati ya watoto wa bweni,
yamepangwa moja juu ya jingine, ya buluu na ya kijani,
na msichana aitwaye Benta katikati ya kelele za nyundo.
Nikalikalia moja. Halikubonyea.
Nikalimwagia chupa nzima ya maji;
tone moja likapita penye bawaba, moja tu.
Benta akaugonga mdomo wa bati, taratibu,
tukamwaga tena. Kavu.
Akaleta sponji ya godoro kuukuu,
akayalaza mabomba juu yake, akayachora kwa mkaa,
akakata kwa kisu cha samaki:
mashimo matatu marefu, moja fupi la filimbi,
na bonde pana la kulazia mfuko wa ngozi.
Kila kitu kikaingia mahali pake, bila ya kulazimishwa.

Nilipokung'uta gunia la baba,
yakadondoka maganda ya machungwa, makavu kama kucha.
Benta alitaka kuyafagia. Nikamshika mkono.

Tulikuwa sita. Nyama ya chungwa alitugawia sisi,
ganda akalitia mfukoni mwa sare,
nasi tukadhani ni ubahili.
Kumbe mpingo ukikauka sana hupasuka,
na ndimi za tete zikinyauka hazisemi.
Alikuwa akiupa mti unyevu kidogo,
kiasi cha pumzi.

Nikanunua chungwa moja pale pale,
nikala nimesimama, nikaweka ganda kwenye kona ya sponji.
Kufuli nikaikataa. Kamba ya katani ninayo.

Benta akachovya brashi kwenye rangi nyeupe.
"Niandike jina la mwanafunzi?"
Nikafungua kinywa nitaje la baba,
likatoka langu: Rispa Abuya.
"Kidato?"

Nina miaka arobaini na saba.
Jana nilipopuliza kwa mara ya kwanza
mbuzi wa jirani alikata kamba,
hadi leo asubuhi walikuwa wakimtafuta.

"Cha kwanza," nikasema.

Akaandika, kwa herufi kubwa,
akapulizia rangi ikauke.