Kinyozi Hajinyoi

Miezi mitano, kisha barua:
wahakiki wawili, hawana majina.
Wa kwanza amesifu, mistari minne,
kama salamu za mtu anayewahi basi.
Wa pili ameandika kurasa sita.

"Mwandishi anasema nyumba arobaini na moja.
Jedwali la tatu lina thelathini na tisa.
Mbili zimekwenda wapi?"

Nilitukana. Kwa Kibondei cha bibi yangu,
ili hata kompyuta ya ofisi isielewe.
Huyu ni nani? Amewahi kuamka saa kumi alfajiri
kuhesabu mbu mtegoni, Mkanyageni,
kurunzi kichwani, tope limemeza ndala?

Jumamosi nikaenda Tanga mjini kunyolewa kwa Mbwana,
Barabara ya Kumi na Mbili. Kumefungwa.
Nikamwona ng'ambo, kwa Hoza,
mshindani wake mwaka wa tisa huu,
amekalia kiti cha mwenziwe, shuka shingoni,
kisogo amekitoa.
"Ulijaribu mwenyewe, eeh?" Hoza anacheka.
"Umejichongea ngazi huku nyuma."
Mbwana kimya. Anainamisha kichwa zaidi.

Jumatatu nikarudi Mkanyageni na daftari.
Nyumba ya kumi na saba, kwa Mwanaidi Semkiwa:
chandarua kimefunika vifaranga.
Ya ishirini na sita: walihama utafiti ukiendelea,
walipokwisha kumzika mtoto.
Homa.
Sikuwa nimezificha. Nilizifuta tu,
kama mtu afutavyo meza wageni wakibisha hodi.

Nikaziandika.
Themanini na mbili kwa mia ikawa sabini na nane.
Makala ikapoteza urembo, ikapata uso.

Si hirizi, lakini. Mhakiki mmoja, zamani,
alinitaka ninukuu makala nne, zote za mtu mmoja;
nadhani mtu huyo ni yeye.
Na uwongo uliopigwa pasi
hupita mbele yao ukitabasamu.
Hawakuwaona mbu wangu, waliona maneno yangu juu ya mbu.
Kisogo tu.
Ila kisogo ndicho nisichokiona.

Leo umenifikia mswada wa mtu, jina limefunikwa.
Ana haraka, sentensi zake zinahema.
Ukurasa wa tisa, jumla haijumliki.
Nimeandika: "Huyu hajui hesabu."
Nimefuta.
Nimeandika: "Sampuli sita zimekwenda wapi?"

Hanijui. Hatanijua.
Nimemshika kichwa taratibu,
wembe una makali.