Ukomo wa Muda

Mlima haukutokea siku ile,
kama shahidi wa Jamhuri aliyepigiwa simu mara tatu.
Nilishuka ngazi za Mahakama Kuu, Moshi, nikiwa nimeshinda,
joho mkononi, kwapa la kushoto limefumuka.

Niliyemshinda ni mzee Elirehema Makundi wa Uru:
kihamba chake, migomba yake, na mstari wa masale
uliokuwa mpaka kabla serikali haijajua kupima.
Alichelewa siku sita kukata rufaa.
Siku hizo sita alikuwa KCMC, benchi la nje ya wodi,
akimshikia mkewe chupa ya uji.
Nililijua hilo. Halikuwa langu kulisema.
Nikasimama, nikainamisha kichwa:
rufaa imeletwa nje ya muda, Mheshimiwa Jaji,
na maneno yakatoka bila hata kukwaruza koo.

Nje, karibu na bomba la maji, mzee akanipa mkono.
"Umeongea vizuri, mwanangu."
Angenitukana, ningelala.

Fundi Kibacha hushona barazani,
mbele ya duka la vipuri, jirani na Double Road.
Akaligeuza joho ndani nje, akapitisha kidole gumba mshononi
jinsi mama anavyopima homa.
"Limefumuka," akasema. "Halikuchanika. Ni tofauti."
Miaka kumi na miwili ya uwakili
namtafuta jaji wa kutenganisha mambo hivyo.

Nikakaa kwenye kigoda, nikamtazama.
Akaja binti wa shule, sketi inambana.
Fundi akaifungua, akaipanua, akapiga pasi ya mkaa,
binti akaenda zake.
Hakuna aliyeahirisha.
Hakuna aliyeshindwa ili sketi itoshe.

"Fundi, unachukua wanafunzi?"
"Wa umri gani?"
"Arobaini na moja."
Akaucheka uzi, si mimi.
"Huyo ataanza na vifungo. Miezi sita, vifungo tu.
Halafu tuone kama ana mkono au ana hasira."
Nikacheka peke yangu:
kazini kwetu kifungo cha miezi sita ni habari nyingine.

Mama, kule Marangu, hunitambulisha kanisani
kwa cheo kwanza, jina baadaye.
Ng'ombe wawili na mkopo wa ushirika vimo ndani ya joho hili.
Dada yangu Ndeshi, nikimgusia, huuliza,
"Kwa hiyo utakula nini, nyuzi?"
Naye ana hoja. Nimepiga hesabu nyuma ya hati ya madai:
kodi ya ofisi, ada ya mtoto,
cheti cha uwakili cha kuhuisha Januari.
Upande wa pili wa karatasi nikaandika: vifungo.
Nikakosa la kuongeza.

Wala sheria sijaichukia.
Kuna Jumatatu nilimtoa kijana mahabusu,
mama yake akavua viatu, akatembea peku hadi stendi.
Siku ile joho lilinienea.
Naibeba Jumatatu ile kama risiti ya zamani:
wino umefifia, kuitupa siwezi.

Fundi akanikatia kipande cha karatasi, namba arobaini na saba.
"Kitambaa kizuri hiki," akasema akikikunja,
"ukikichoka kinatoa kaptula mbili za shule, na mfuko."

Ukutani kwake pameandikwa kwa chaki:
NGUO IKIPITA MIEZI MITATU TUSILAUMIANE.
Nikasoma mara mbili, kama nisomavyo kifungu.
Hakuna kifungu kidogo, hakuna isipokuwa,
hakuna maombi ya kuongezewa muda.
Ilikuwa tarehe tisa Oktoba.

Joho liko tayari tangu Ijumaa.
Jioni napita ng'ambo ya barabara,
naliona linaning'inia kati ya sare na magauni ya kipaimara,
nashika ile karatasi mfukoni,
navuka nusu.

Jana usiku nilishona kifungo cha shati la mwanangu.
Nilikifumua mara tatu.
Asubuhi alikivuta, kikashika,
akaenda shule bila kusema lolote.